Kufuta mafaili kwenye kompyuta: maswali tunayoulizwa kila siku hapa Arusha

Haya maswali yanatoka kwa watu wa hapa hapa mjini, wenye steshenari, wanafunzi wa Njiro wenye ripoti za fildi, mahasibu wa ofisi ndogo ndogo, waongoza watalii wanaorudi kutoka porini na memori kadi zimejaa. Nimeyajibu kwa Windows kwanza maana ndo iko kwenye kompyuta nyingi huku, Mac na Ubuntu ziko huko mbele. Kitu kimoja naomba ukishike unaposoma: kompyuta inakuja na utaratibu wake wa kufuta ambao wewe hujauchagua, na unaweza usikufae kabisa, kwa sababu laptopu ya mhasibu na kompyuta ya steshenari hazitakiwi kufuta kwa namna moja. Utaratibu unabadilishika, tena kwa dakika chache tu.

Nikibonyeza Delete, faili linaenda wapi?

Linaingia risaikobini, lile pipa la kwenye dekstopu ambalo lipo tangu Windows 95. Hapo halijafutwa, limehamishwa tu. Kila draivu ina folda lililofichwa linaitwa $Recycle.Bin na ndani yake kila mtumiaji ana sehemu yake, kwahiyo kama laptopu mnatumia wawili na kila mtu ana akaunti yake, pipa unaloliona ni lako, vya mwenzio huvioni. Humo ndani kila faili linakuwa mawili, moja jina linaanza na $R ndo lenye kitu chenyewe, lingine linaanza na $I limebeba kumbukumbu ya lilikotoka, ukubwa wake na muda lilipofutwa. Ndo maana ukibofya Restore linarudi palepale lilipokuwa hata kama wewe umeshasahau ni wapi. Na ndo maana pia diski ikijaa ukafuta muvi kibao nafasi haiongezeki, mpaka umwage pipa.

Kwahiyo nikimwaga pipa ndo basi, limeisha?

Inategemea una diski gani, na hapa watu wengi wanachanganya.

Kwenye hadi diski (hard disk) ya kawaida, ile inayozunguka, kumwaga pipa hakufuti maandishi wala picha. Windows inaandika tu kwamba ile sehemu sasa iko wazi. Ni kama mwenye nyumba kufuta jina la mpangaji kwenye daftari wakati mpangaji na vitanda vyake bado yumo chumbani, anakaa mpaka aje mpangaji mwingine apewe kile chumba. Kwahiyo faili linaweza kurudishwa kwa programu mpaka pale kitu kipya kitakapoandikwa juu yake.

Kwenye SSD, diski ya kisasa isiyozunguka, habari ni nyingine. Windows kuanzia 7 ina kitu kinaitwa TRIM, ukifuta faili inaiambia SSD hivi vipande havina kazi tena, na SSD inavisafisha yenyewe kwa wakati wake. Ikishasafisha hakuna programu ya kurudisha. Siku hizi laptopu nyingi used zinazouzwa hapa mjini zimeshabadilishwa zikawekwa SSD ili ziwe fasta, na mwenye nayo wala hajui, anabaki na imani ya zamani kwamba fundi atarudisha tu. Angalia yako sasa hivi: fungua Task Manager, nenda Performance, bofya Disk, itakuandikia HDD (ile inayozunguka) au SSD.

Mbona nikifuta kitu kwenye flashi sikikuti kwenye pipa?

Kwa sababu hakijaingia pipani. Windows kwa kawaida haiweki pipa kwenye flashi wala memori kadi, ukifuta humo kimefutwa moja kwa moja. Simu ukiichomeka kwa waya ukafuta picha kutokea kwenye kompyuta ni hivyo hivyo. Folda la ofisi lililo kwenye seva au kwenye kompyuta ya mwenzio nalo hivyo hivyo. Hadi diski kubwa ya nje kwa kawaida inakuwa na pipa lake kwa sababu Windows inaiona kama diski ya kudumu, ila ukiichomoa, vilivyofutwa kwake vinaondoka nayo, huwezi kuvirudisha mpaka uichomeke tena.

Na kuna Shift ukishika pamoja na Delete, hiyo inaruka pipa popote pale. Kuna watu wameizoea kwa sababu ni ya haraka, kila kitu wanafuta hivyo. Mimi kwa kompyuta yenye kazi za watu naikataa kabisa, pipa limewekwa ili mkono ukikosea kuwe na pa kurudi.

Kompyuta yangu inafuta bila kuniuliza, nataka iniulize kwanza

Hii namwomba kila mtu aiwashe leo. Zamani kwenye XP na Windows 7 ilikuwa inauliza yenyewe, una uhakika unataka kupeleka hili pipani, ila kuanzia Windows 8 hilo swali limezimwa. Sasa hivi mtoto anapita kwenye kibodi, au wewe mwenyewe umechagua folda hujaona, umegusa Delete, folda limeondoka kimyakimya, unakuja kugundua wiki ijayo.

Bofya kitufe cha kulia cha mausi juu ya pipa, chagua Properties, chini kabisa utaona kiboksi kimeandikwa Display delete confirmation dialog, kitiki, bonyeza OK, imeisha. Kama umefuta kitu sasa hivi na bado uko kwenye lile folda, bonyeza Ctrl na Z kitarudi bila hata kufungua pipa.

Kumbuka hii setingi inafuata akaunti ya mtumiaji. Ukiiwasha kwako, dada wa zamu ya jioni anayeingia kwa akaunti yake bado hataulizwa, kwahiyo ingia na huko.

Pipa lina ukubwa gani, na likijaa inakuwaje?

Kwenye dirisha hilohilo la Properties kila draivu imeorodheshwa na kila moja ina ukubwa wake, andika MB unazotaka kwenye Custom size. Likijaa vile vya zamani kabisa ndo vinatolewa kwanza kupisha vipya, na haikuambii. Na ukifuta kitu kikubwa kuliko pipa zima, Windows itakuletea ujumbe kwamba hiki kitafutwa jumla, hapo watu wanabonyeza Yes bila kusoma. Tafadhali soma. Kama unashughulika na video, ongeza ukubwa wa pipa kwenye draivu ambayo video zinakaa, usiongeze kwenye C tu ukadhani umemaliza, maana D ina setingi yake.

Mkuu, kuna vitu vilikuwa kwenye pipa sijamwaga mimi na havipo

Mara nyingi ni Storage Sense, sehemu ya Windows inayosafisha diski yenyewe. Iko Settings, halafu System, halafu Storage. Ikiwa imewashwa inatoa vitu vilivyokaa pipani zaidi ya siku 30, unaweza kubadilisha iwe siku 1, 14, 60 au isitoe kamwe. Inaweza pia kufuta vitu vya Downloads ambavyo hujavifungua siku nyingi, ila hiyo kwa kawaida imezimwa mpaka mtu aiwashe. Ukinunua laptopu used ingia uone mwenye nayo wa kwanza, au fundi aliyeiwekea Windows, aliiachaje. Kitu kingine kinachomwaga mapipa ni zile programu za kusafisha kompyuta, watu wanawekewa na mafundi bila kuambiwa, halafu zinasafisha kila ukiwasha. Kama huitaki, itoe.

Nina steshenari, je niache pipa au nilizime?

Hapa naomba tukae kidogo, maana ni swali lenye watu ndani yake.

Mteja anaingia, ana haraka, dirisha la maombi linafungwa saa sita usiku. Anakutumia kwa WhatsApp kitambulisho cha NIDA, cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule, CV yenye namba ya simu na wadhamini wake watatu. Unadownload, unaprinti, unaskani, analipa anaondoka. Vyote vile vimebaki Downloads. Jioni ukikumbuka unavichagua unafuta, vinaenda pipani. Yaani mtu yeyote akikaa kwenye ile kompyuta, na kwenye steshenari nyingi wateja wanakaa wenyewe kurekebisha kazi zao, akifungua pipa anakuta vitambulisho vya watu wa mtaa mzima, na akibofya Restore kimoja kimoja vinarudi vizima kabisa. Kwa NIDA na picha na namba ya simu mtu anaweza kufanyiwa mambo mabaya sana, wale wateja wamekuamini.

Kwahiyo kwa kompyuta ya mbele, ile ya wateja, mimi nasema zima pipa. Rudi Properties, chagua C, weka alama kwenye Don't move files to the Recycle Bin, na kiboksi cha kuuliza kabla ya kufuta kiwe na tiki, maana sasa kila Delete ni ya moja kwa moja. Fanya na D kama ipo. Lakini jamani usifanye hivi kwenye kompyuta ya nyuma ambayo unatunza templeti zako, kadi za harusi ulizodizaini, vitabu vya risiti, huko pipa libaki, tena kubwa. Kama una kompyuta moja tu kwa kila kitu, tengeneza akaunti mbili za Windows, moja ya wateja na moja yako yenye nywila, kwa sababu setingi za pipa zinafuata akaunti, ya wateja haitakuwa na pipa na yako itakuwa nalo.

Halafu Storage Sense iambie Downloads isafishwe kila baada ya siku 1, hiyo ni kukusaidia siku ulizosahau, isikufanye uache kufuta jioni. Na toka kwenye WhatsApp ya kwenye brauza kila ukifunga duka, ukiacha imefunguka yale mafaili bado yako kwenye chati hata kama kompyuta umeisafisha.

Ukitaka kwenda mbali zaidi, na kama diski yako ni ile ya kuzunguka, kuna amri ya Windows yenyewe inayoandika juu ya nafasi zote zilizo wazi ili vilivyofutwa visirudishike. Fungua Command Prompt, lile dirisha jeusi la kuandikia amri, andika cipher /w:C:\ ubonyeze Enter, uiache ifanye kazi. Inachukua muda mrefu sana, ianzishe wakati wa kufunga, na usianzishe siku umeme unakatika katika.

Na tusisahau tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na moja ya misingi yake ni kwamba taarifa za mtu zisitunzwe zaidi ya muda unaohitajika kwa ile kazi. Kazi ya kuprinti imeisha mteja akishika karatasi.

Nimefuta picha zote za safari kwenye memori kadi, na mgeni anaondoka kesho

Kwanza kabisa toa hiyo kadi kwenye kamera sasa hivi na usipige hata picha moja. Hii ndo sehemu inayoamua kila kitu. Kwenye kadi hakuna pipa, lakini picha zenyewe kwa kawaida bado zimo mpaka uandike kitu juu yake, kila picha mpya ya twiga unayopiga inaweza kuwa inakalia ile ya jana ya Ngorongoro.

Kadi ichomeke kwenye kompyuta kwa kadi rida, Windows ikikuambia ifomati kataa. Halafu tumia programu ya kurudisha. Recuva ni rahisi, ina madirisha ya kubofya tu. PhotoRec ni ya bure na ina nguvu sana, inatafuta picha kwa kuangalia umbo la data lenyewe bila kutegemea majina, kwahiyo inaweza kurudisha hata kadi iliyofomatiwa kwa haraka, ila majina ya picha yanapotea, utapata namba namba tu na itabidi uzipange upya. Microsoft nao wana ya kwao ya bure, Windows File Recovery, inafanya kazi kuanzia Windows 10 toleo 2004, hiyo ni ya kuandika amri.

Programu yoyote utakayotumia, picha zinazorudi zihifadhi kwenye kompyuta, usizihifadhi kwenye kadi ileile, ukifanya hivyo unaandika juu ya zile ambazo bado hazijarudishwa. Nimeona mtu anarudisha nusu ya picha na kuiharibu nusu nyingine kwa mkono wake kwa sababu hii tu, na ilikuwa ni watu wamepanda Kilimanjaro, ile picha ya Uhuru huwezi kwenda kuipiga tena wiki ijayo.

Ushauri kwa waongoza watalii wote hasa kuanzia Juni mpaka Oktoba wakati wageni ni wengi: usifute kadi mpaka picha ziwe sehemu mbili, laptopu na hadi diski ya nje kwa mfano, na umezifungua ukaona kweli zinafunguka.

Flashi yangu ilikuwa na mafaili, sasa naona shotikati tu, zimefutwa?

Hapana, tulia. Huyo ni kirusi, amezificha na kukuwekea shotikati mahali pake. Usifomati na usibofye zile shotikati. Skani flashi kwa antivairasi, halafu fungua Command Prompt, kama flashi yako ni F andika attrib -h -r -s /s /d F:\*.* ubonyeze Enter, mafolda yatatokea. Kama herufi ya flashi yako ni nyingine weka hiyo. Wanafunzi wengi wanapoteza ripoti hapa, siyo kwa kirusi, kwa kufomati.

Folda langu liko OneDrive (hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft), nikifuta kwenye laptopu inabaki kule juu?

Haibaki, inafutika kote kote, hiyo ni kusawazisha na watu wanaichukulia kama bekapu. Ila huko juu nako kuna pipa. OneDrive ya mtu binafsi inatunza siku 30, ya kazini au chuoni siku 93. Google Drive nayo ni siku 30. Kwahiyo kama kwenye laptopu pipa limemwagwa ingia kwenye mtandao kwa brauza, angalia kule kabla hujaanza kulia.

Ofisini tunatumia folda moja la pamoja, mtu akifuta tunafanyaje?

Nshasema hapo juu, kutokea kwenye kompyuta zenu halipiti pipa. Mwambie anayewasimamia seva awashe Shadow Copies, hapo mnaweza kubofya kulia kwenye folda, mkaenda Previous Versions mkachukua lilivyokuwa asubuhi au jana. Na siyo kila mtu apewe ruhusa ya kufuta, wengine wasome na kuandika inatosha.

Pipa limetoweka kwenye dekstopu

Settings, Personalization, Themes, halafu Desktop icon settings, tiki Recycle Bin.

Inaniambia pipa la C limeharibika

Command Prompt ifungue kama msimamizi, andika rd /s /q C:\$Recycle.bin na Enter, Windows italitengeneza jipya lenyewe. Vilivyokuwemo vinaondoka, vya watumiaji wote, kwahiyo kama kuna unachokitaka humo jaribu kukitoa kwanza.

Mimi natumia Mac

Fungua Finder, Settings, Advanced. Hapo kuna kutoa vitu pipani baada ya siku 30, na kuna kukuonya kabla ya kumwaga. Kwa laptopu ya kazi, onyo liwashe na siku 30 zima. Option na Command na Delete kwa pamoja inaruka pipa, baada ya kukuuliza.

Na Ubuntu?

Settings, Privacy, kuna sehemu ya File History & Trash, unachagua pipa lijimwage lenyewe au lisijimwage, na baada ya muda gani, kuanzia saa moja mpaka siku 30. Vitu vyenyewe vinakaa kwenye folda lako la nyumbani, .local/share/Trash. Ukifuta kwa amri ya rm kwenye terminali, pipa halihusiki.

Mhasibu wa ofisi ndogo niweke vipi yangu?

Kinyume cha steshenari. Pipa liwepo, ukubwa uongezwe, swali la kabla ya kufuta liwashwe, Storage Sense isiguse pipa wala Downloads, kwa sababu wewe stakabadhi ya Machi unaweza kuihitaji Septemba. Washa File History kwenye hadi diski ya nje, kwa kawaida inachukua nakala kila saa kama diski imechomekwa, hiyo itakuokoa hata siku pipa halina kitu.

Nauza laptopu yangu, nikifuta mafaili na kumwaga pipa inatosha?

Haitoshi. Toa nakala ya vyako vyote kwanza, toka kwenye akaunti zako, halafu Settings uingie Reset this PC, chagua Remove everything, bofya Change settings uwashe Clean data. Inachukua masaa, iache imalize ikiwa kwenye chaji. Na kama mnunuzi amesimama hapo anasema ana haraka, mwambie aje kesho.